Mlezi wa Yatima na Haki Yake kwa Waislamu

Mawaidha yaliyosomwa mbele ya wanachama baada ya sala ya Alasiri

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad, aliyeingia duniani hali ya kuwa yatima, na jamaa zake na sahaba zake wote.



Habari ya yatima imesemwa sana juu ya mimbari, wala si ajabu, kwani yatima ametajwa katika Kurani mara 23. Kila Mwislamu aliyepita chuoni, hata kama hakuvuka juzuu ya Amma, anaijua lawama ya yule amsukumaye yatima. Lakini yuko mtu mmoja ambaye aghalabu mawaidha hayo humpita kama gari lililojaa limpitavyo abiria njiani, naye ni yule aliyemchukua yatima akamtia nyumbani kwake. Huyo husifiwa kwa maneno machache, akaambiwa kwamba Pepo ni yake, kisha kila mtu huvaa viatu vyake akaenda zake. Ni nadra mtu kumwuliza jana alilala saa ngapi, na leo watoto wamekula nini. Basi mawaidha haya ni ya mlezi.

Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipita katika mikono ya walezi kadha wa kadha. Baba yake, Abdallah, alifariki kabla yeye hajazaliwa. Mama yake, Bibi Amina, alimwacha ana miaka 6. Babu yake, Abdul Muttalib, akamchukua hata alipotimiza miaka 8, naye akafariki. Ndipo alipotwaliwa na ami yake Abu Talib, mtu mwenye watoto wengi na mali kidogo. Mkewe Abu Talib, Bibi Fatma binti Asad, ndiye aliyempakulia chakula na kumtunza pamoja na wanawe. Vitabu vya sira vinaeleza kwamba bibi huyo alipofariki Madina, Mtume alitoa kanzu yake ili akafiniwe kwayo, maana hakuusahau wema wake.

Na kabla ya hao alikuwako Bibi Halima wa Bani Saad. Kisa chake husomwa katika kila maulidi, lakini husomwa kwa haraka, na mambo mawili ndani yake hayatiliwi maanani. La kwanza ni kwamba wanyonyeshaji waliokwenda Makka mwaka ule walimkataa mtoto yule mmoja baada ya mmoja waliposikia kwamba ni yatima, kwa kuwa ujira hutarajiwa kwa baba. Halima naye hakumkimbilia. Alimchukua kwa sababu hakupata mwingine, na hakupenda kurudi mikono mitupu mbele ya wenzake, tena mwaka ule ulikuwa wa njaa, na maziwa yake mwenyewe hayakumtosha mtoto wake. Baraka zilikuja baadaye. Hii ni faraja kubwa kwa mlezi aliyempokea mtoto kwa kusitasita, na pengine kwa kuona haya tu mbele ya jamaa zake, kisha akadhani kwamba kwa kuwa moyo wake haukuwa safi siku ya kwanza, basi kazi yake yote ni bure. Jambo la pili litakuja mahali pake.

Katika nchi ya Rwanda habari hii si ya vitabuni. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, yaliyoanza mwezi wa Aprili 1994 na kuendelea hata Julai, yaliacha watoto wengi mno pasipo baba wala mama. Wengine walipelekwa katika nyumba za mayatima zilizofunguliwa kwa haraka. Wengine, na hao hawakuandikwa katika daftari lolote, waliingia katika nyumba za shangazi, za majirani, au za watu wasiokuwa na udugu nao ila kwamba walikutana njiani. Mtoto aliyepokewa mwaka ule akiwa mchanga leo ni mtu mzima mwenye watoto wake, na mlezi wake ni kizee. Na wako vizee wa namna hiyo ambao hawakupata kuambiwa ahsante na mtu yeyote nje ya nyumba zao.

Nyumba za mayatima hazikwisha kwa upesi. Hesabu iliyofanywa mwaka 2012 ilikuta watoto na vijana 3,323 katika nyumba 33, na katika hao wako waliokuwa na wazazi au jamaa walio hai, ila umaskini ndio uliowapeleka huko. Mwaka huo huo Serikali iliazimia kwamba watoto watolewe katika nyumba hizo kidogo kidogo, warudi kwa jamaa zao, na asiye na jamaa atafutiwe familia ya kumpokea. Tangu mwaka 2013 kazi hiyo imeendeshwa kwa jina la Tubarerere mu Muryango, yaani, tuwalee katika familia. Mlezi ajitoleaye huitwa Malayika Murinzi, malaika mlinzi. Ni jina zuri. Walakini malaika hali chakula, wala hanunui sare ya shule, wala haumwi mgongo. Na huenda ndiyo sababu watu wakisha kumwita mwenzao malaika husahau kwamba naye ni binadamu.

Yafaa kutajwa pia kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu chake cha 20, umeitaja kafala ya Kiislamu kwa jina lake miongoni mwa njia za kumlea mtoto aliyekosa familia. Kwa hiyo Mwislamu apelekapo ombi la kumlea mtoto, haombi kitu kigeni kisichojulikana na sheria za ulimwengu.

Sasa na yatazamwe mambo yalivyo ndani ya nyumba.

Alikuwako mwanamke mjane katika Biryogo, muuza mandazi, mwenye binti mmoja wa miaka 11. Aliletewa mtoto mwanamume wa miaka 5, ambaye alikwisha pita katika nyumba tatu. Siku ile majirani walijaa uani, wakampa mkono, wakamwombea dua, na mzee mmoja akamkumbusha hadithi mashuhuri ya Mtume juu ya ukaribu wake Peponi na mwenye kumlea yatima, ukaribu wa kidole na kidole. Kisha wakaondoka.

Wiki ya kwanza mtoto alikuwa mpole kupita kiasi. Hakulia hata alipoanguka akachubuka goti. Wiki ya tatu mama yule akaanza kukuta matonge ya ugali na vipande vya viazi chini ya godoro, vimeota ukungu, siafu wametanda. Usiku mtoto alikojoa kitandani, na akiulizwa alikana. Mwezi wa pili ule upole ulikwisha kabisa: alimwuma yule binti, akavunja kikombe kwa makusudi, akasema kwamba hapo si kwao na atakwenda zake. Binti naye akanuna, akasema kwamba tangu huyu aje yeye hana mama. Mandazi yakaungua mara mbili katika wiki moja, na biashara ya mandazi haivumilii kuungua mara mbili.

Zaidi ya uchovu, kulikuwa na jambo lililomwumiza mjane yule kuliko yote, nalo ni kwamba hakuweza kumwambia mtu. Watu walikwisha kumfanya mtu wa Peponi. Angesemaje kwamba iko asubuhi aliamka hampendi mtoto yule? Akanyamaza. Na majirani walipoona mtoto amekuwa mtundu walisema kwamba hiyo ndiyo damu ya watu, na kwamba hakuna ajuaye alizaliwa na nani. Maneno hayo yalisemwa na baadhi ya wale wale waliompa mkono siku ya kwanza. Tena ulizuka uvumi kwamba analipwa fedha nyingi na Serikali kwa ajili ya mtoto yule, ilhali bima ya Mituweli ya mtoto aliilipa kwa mandazi yake.

Aliyemfaa hatimaye alikuwa bibi mmoja mkunga, aliyestaafu, ambaye hakuanza kwa kumsifu wala kumlaumu. Alimweleza kwamba mtoto aliyehamishwa nyumba tatu amejifunza mambo mawili, kwamba chakula hukatika na kwamba watu huondoka. Kwa hiyo huficha chakula kwa ajili ya siku ya kukatika, na huwatibua watu ili ajue mapema kama nao wataondoka. Ule upole wa wiki ya kwanza ulikuwa hofu, na utundu wa mwezi wa pili ni dalili kwamba hofu imeanza kulegea. Akamshauri amwekee mtoto kibakuli chake karibu na kitanda, ndani yake kipande cha andazi au kiazi, kila usiku bila ya kukosa, na amwambie kwamba hicho ni chake na kesho kitakuwapo kingine. Akamshauri pia kwamba siku moja katika wiki atoke na binti yake peke yake, wakanunue karanga, yule mdogo abaki na mtu. Kibakuli kile kiliwekwa wiki nyingi. Mwanzo kiliamka kitupu. Baadaye kikawa kinaamka nusu. Hata siku moja kikaamka kama kilivyowekwa, na siafu wakapungua chini ya godoro. Kukojoa kulichukua muda mrefu zaidi, na kuuma kukaisha penyewe.

Elimu ya bibi yule si elimu geni kwa dini. Mtume (s.a.w.) alipomwoa Bibi Umm Salama, mjane wa Abu Salama, aliwapokea na watoto wake. Mmoja wao, Umar, alikuwa akila huku mkono wake unazunguka sahani yote. Mtume hakumpiga mkono, wala hakumkumbusha kwamba sahani si ya baba yake. Alimfundisha ataje jina la Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Basi. Na Umar akasema baada ya kuwa mtu mzima kwamba huo ndio uliokuwa ulaji wake tangu siku hiyo. Neno fupi la upole lilikaa kwa mtoto umri wake wote, na vivyo hivyo hukaa neno la dharau.

Katika habari ya mali, dini imemwekea mlezi mpaka mkali, na walezi wengi wauogopa kuliko inavyopasa. Ilipoteremka aya ya kumi ya Suratun Nisaa, inayowatisha kwa moto wale walao mali ya mayatima kwa dhuluma, sahaba waliokuwa na mayatima walitetemeka. Wakatenga chakula cha yatima na chakula chao, sufuria mbali na sufuria, na kilichobaki cha yatima kikaachwa mpaka akile yeye au kiharibike. Likawa jambo la taabu kwao, wakamwuliza Mtume, na ndipo ilipokuja aya ya 220 ya Suratul Baqara ikawaruhusu kuchanganya, kwani mayatima ni ndugu zao, na Mungu amjua aharibuye na atengenezaye. Na katika aya ya sita ya Suratun Nisaa mlezi tajiri ameamrishwa ajizuie, na mlezi maskini ameruhusiwa kula kwa kadiri iliyo ya haki kwa kazi yake. Ruhusa hii ni ya Mwenyezi Mungu mwenyewe. Kwa hiyo mtu amsemaye mjane maskini kwamba amekula katika posho ya mtoto, na ajihadhari, asije akaharimisha kilichohalalishwa. Lakini kiwanja, nyumba au fedha iliyoachwa na wazazi wa mtoto haichanganywi na chochote. Na iandikwe siku ya kupokewa, na siku ya kukabidhiwa kijana aliyebaleghe na kupata akili waitwe mashahidi, kama aya ile ile ilivyoamuru.

Liko swali la jina na la maharimu, ambalo walezi huliuliza kwa sauti ya chini. Zayd bin Haritha aliishi kwa Mtume tangu utoto. Baba yake mzazi alipomfuata ili amkomboe, akahiarishwa, na yeye akachagua kubaki. Watu wakamwita Zayd bin Muhammad. Kisha ikaja Suratul Ahzab, katika aya ya nne na ya tano, kwamba waitwe kwa baba zao, na jina likarudi kuwa Zayd bin Haritha. Mapenzi hayakupungua, jina ndilo lililorudi kwa mwenyewe. Kwa hiyo mtoto asifichwe asili yake. Aambiwe angali mdogo, kwa maneno ya kitoto, na mlezi wake, asije akaambiwa na mtoto mwenzake siku ya kugombana kisimani.

Na maharimu huleta mashaka zaidi, hata yako majumba yaliyomrudisha msichana alipokaribia kubaleghe kwa kuhofia dhambi, akawa amefiwa mara ya pili. Msiba huo waweza kuzuiwa tangu mwanzo ikiwa mtoto amepokewa mchanga. Katika madhehebu ya Imam Shafi, mtoto aliyenyonya mara tano kamili kabla ya kutimiza miaka miwili ya mwezi huwa mtoto wa kunyonya. Msichana akinyonyeshwa na mama wa mume wa nyumba huwa dada wa mume, na kwa wana wake huwa shangazi. Akinyonyeshwa na dada wa mume huwa mpwa wake. Mvulana akinyonyeshwa na dada wa mke huwa mtoto wa dada yake. Wenye kutaka kufanya hivyo na wamwendee mwanachuoni kwanza, wamweleze nani atanyonyesha na nani wamo nyumbani, kwani si kila udugu wa nyumba huingia: yule aliyenyonya kwa dada wa mume, wana wa nyumba hubaki binamu zake. Na kwa mtoto aliyekuja mkubwa, iliyobaki ni adabu ya stara, mlango wa chumba na mtandio, mambo ambayo jamaa wengi wakaao na binamu zao huyaweza kila siku. Si sababu ya kumtoa mtoto nje.

Katika urithi, mtoto wa kulelewa harithi kwa hukumu, lakini mlango wa wasia uko wazi mpaka theluthi ya mali, na mlango wa zawadi mlezi akiwa hai ni mpana kuliko huo. Ampendaye na aandike mapema, kwa mashahidi.

Sasa lile jambo la pili katika kisa cha Bibi Halima. Mtoto alipotimiza miaka miwili aliachishwa ziwa, na ahadi ilikuwa arudishwe. Halima alimpeleka Makka kwa mama yake, kisha akamsihi Bibi Amina amwachie tena. Alisema juu ya maradhi ya mji, na haikuwa uongo, lakini kila mama asikiaye habari hiyo anafahamu ni kitu gani kilichokuwa kikisema. Akapewa. Kisha ikaja siku ya pili ya kumrudisha, na mara hii akarudi jangwani peke yake.

Mlezi wa leo hupatikana na siku hiyo. Ami wa mtoto amepatikana Huye au Bukavu, karatasi zimekamilika, gari limekuja. Ni haki mtoto arudi kwa jamaa zake wakiwa watu wema, na mlezi mwenyewe anakiri hivyo. Lakini jioni ile kitanda ki kitupu, na kibakuli kiko pale pale. Akifa mtu nyumbani, mtaa mzima huja: jamvi hutandikwa, chai huchemshwa na wengine, na mfiwa hakai pekee. Mlezi aliyeondokewa na mtoto aliyemlea miaka minne hapati hata jirani mmoja wa kukaa naye saa moja, kwa sababu hakuna aliyekufa. Wengine huwapongeza! Wanawake wa Jumuiya wanajua sana kazi ya kukaa na mfiwa. Hawahitaji kufundishwa, wanahitaji tu kupelekewa habari kwamba katika nyumba fulani mtoto ameondoka leo.

Katika kila mudugudu wako watu wawili, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, wanaoitwa Inshuti z'Umuryango, marafiki wa familia, ambao kazi yao ni kuangalia hali za watoto na kupeleka taarifa. Walezi wa Kiislamu na wajuane nao, wasiwakimbie kwa kudhani kuwa wamekuja kupeleleza. Lakini kazi ya msikiti haiwezi kuachiwa wao. Msikiti unaweza kuwa na daftari la walezi, lenye jina la mlezi, umri wa mtoto, kama ameandikishwa Serikalini au bado, na kama Mituweli yake imelipwa mwaka huu. Mtoto asiyeandikishwa hupata taabu shuleni na zahanati, na mlezi asiyejua kusoma hupelekwa huku na huku; kijana mmoja wa sekondari akimsindikiza asubuhi moja, jambo humalizika. Zaka nayo inamfikia yatima kwa ufukara wake, kwa kuwa uyatima peke yake haumo katika mafungu nane. Basi mafukara katika mayatima na walezi wao wahesabiwe kabla ya Ramadhani, wasingoje kuja kuinua mkono mbele za watu usiku wa Idi.

Yule mjane wa Biryogo aliulizwa na wanawake wa msikitini, baada ya mwaka wa pili, ahitaji nini. Wakadhani atataja fedha. Alisema kwamba Alhamisi baada ya Adhuhuri huwa na darasa la wanawake, naye hajahudhuria tangu mtoto alipokuja, na kwamba akipatikana mtu wa kukaa na mtoto kwa saa mbili, atahudhuria darasa wiki moja, na wiki ya pili, kwa idhini yao, atalala. Wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Zamu ikaandikwa siku ile ile, majina manne, nyuma ya bahasha ya sukari, na ingali imebandikwa mlangoni pake.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.